Dukuduku, kinyongo, fundo au kijembe? Kuchagua neno kwa jambo lisilosemwa

Chukua mkasa wa kawaida kabisa wa harusi za Dar es Salaam. Shangazi wa bibi harusi katoa mchango wa shilingi 200,000, kaukabidhi mkononi kwa mweka hazina, wala hakudai kuandikiwa. Siku ya kuvunja kamati ya harusi majina ya waliochangia yanasomwa mpaka mwisho, lake halimo. Shangazi anakula pilau lake, anacheka na wenzake, anaaga, anaondoka. Hajasema neno.

Sasa jaribu kumsimulia mtu hali ya shangazi huyo. Utasema ana dukuduku? Kinyongo? Ana fundo moyoni? Ameweka siri? Maneno yote haya yanagusa kitu kilichobaki bila kusemwa, na kamusi nyingi huyaeleza kwa kuzungushana: hili limefasiriwa kwa lile, lile kwa hili. Mitaani hayazungushani hata kidogo. Ukisema shangazi ana kinyongo wakati ana dukuduku tu, umempakazia chuki, na habari itamfikia kabla ya magharibi.

Kabla ya kuchagua, jiulize mambo matatu. Mwenye jambo anataka kulisema? Kuna mtu anayelaumiwa? Na je, jambo limeshaanza kutoka kwa njia nyingine, kwa kanga, kwa nyimbo, kwa mguno?

Dukuduku: linalotafuta mlango

Dukuduku ni jambo linalomsumbua mtu moyoni na ambalo hajapata pa kulisemea. Kuna jambo lenyewe, kuna usumbufu, na kuna hamu ya kulitoa. Hamu ikikosekana, tafuta neno jingine. Ndiyo maana kitenzi kinachoandamana na dukuduku kuliko vyote ni *toa*: "toa dukuduku lako", "nimekuja nitoe dukuduku langu". Linapojibiwa huisha: "daktari alivyonieleza, dukuduku likaniisha".

Mwenyekiti akisema "kabla hatujafunga kikao, mwenye dukuduku aseme", hajamtuhumu mtu. Weka kinyongo mahali pake, "mwenye kinyongo aseme", uone ukumbi utakavyokuwa kimya. Nani atanyoosha mkono akiri mbele za watu kwamba ana chuki?

Tena si lazima dukuduku liwe lalamiko. Mgonjwa kapewa dawa, vidonge viwili kutwa mara tatu, hakuambiwa anywe kabla ya chakula au baada, akaona haya kuuliza kwa sababu foleni ni ndefu. Huyo ana dukuduku. Hana ugomvi na mfamasia. Hapa ndipo neno hili linapoachana na *wasiwasi*: wasiwasi unaweza kumpata mtu asijue umetoka wapi, bali mwenye dukuduku anajua hasa ni nini kinachomkera, na ukimkalisha pembeni atakutajia kwa sentensi moja.

Kuhusu ngeli, ni LI-YA: *dukuduku langu, dukuduku limeniisha*. Mdomoni utasikia sana "dukuduku yangu". Kwenye barua au gazeti shika *langu*. Wingi *madukuduku* ni sahihi lakini huandikwa zaidi ya kusemwa. Watu hutaja dukuduku moja hata wakiwa na mambo kumi, na hakuna anayewahesabia.

Kosa lingine linakuja na simu. *Kudukua*, *mdukuzi* na *udukuzi* sasa ni maneno ya kila siku kwa habari za kuingilia akaunti na simu za watu. Yanafanana na dukuduku kwa sauti, lakini kazi zao zimepishana: mdukuzi anachukua yasiyosemwa ya mwenzake, mwenye dukuduku anahangaika na yake mwenyewe. "Toa udukuzi wako" si utani, imeshaandikwa na vidole vyenye haraka.

Dukuduku hilohilo kama alama ya uandishi

Waliosoma Kenya wengi walikutana na neno hili kwanza darasani, kwenye uakifishaji: *alama za dukuduku*, zile nukta tatu (…). Wengine huziita nukta za mdokezo au vitone vitatu. Jina la dukuduku linazifaa kupita yote, maana nukta zile ni maneno yaliyofika mlangoni yakasita.

Namna ya kuzitumia haina ugumu, ila watu huiharibu kwa ukarimu. Ni tatu. Saba hazionyeshi huzuni zaidi ya tatu. Zinaonyesha kidole kilichosahaulika kwenye kitufe. Zina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kauli ambayo msemaji ameiacha mwenyewe: "Mimi ningekuambia, lakini…" Ya pili ni kuonyesha kwamba umeruka maneno unapomnukuu mtu, na hapo hazina moyo wala hisia, zinasema tu kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Usizichanganye kazi hizo mbili katika aya moja, msomaji atashindwa kujua nani amenyamaza: msemaji au wewe uliyemnukuu.

Msemaji akikatizwa na mwenzake, kistari kirefu kinasaidia zaidi:

"Mimi siku ile nilimpa mweka hazina—"
"Shangazi, chai inapoa!"

Kwa nukta, shangazi angekuwa ameghairi mwenyewe. Kwa kistari, tunaona amezibwa. Vitabu vingi vya shule hutumia nukta kwa yote mawili na hakuna atakayekukata alama, lakini ukiandika hadithi au tamthilia tofauti hiyo ina thamani. Baada ya *n.k.* usiweke nukta tatu, hiyo ni kadhalika juu ya kadhalika. Na ule mstari wa nukta kwenye fomu, "Jina: ………", ni pengo la kujazwa, hauhusiani na dukuduku la mtu yeyote.

Kwenye ujumbe wa simu mambo yamepinda kidogo. "Sawa." na "Sawa…" hayasomwi sawa. La pili lina neno nyuma yake. Lakini wapo watu wazima wanaofunga kila sentensi kwa nukta nne tano, kama mtu anayevuta pumzi kwenye ngazi. Hao usiwatafutie maana. Angalia kwanza mazoea ya mwandishi ndipo uhukumu.

Kinyongo, fundo na jamaa zao

Tofauti ya dukuduku na kinyongo inaonekana hata kwenye sarufi. Dukuduku huwa *kuhusu* au *juu ya* jambo. Kinyongo huwa *na* mtu. "Ana dukuduku kuhusu hesabu za kamati." "Ana kinyongo na mweka hazina." Ukiona sentensi yako haina pa kumweka mtu anayelaumiwa, kinyongo hakikai.

Kitenzi chake ni *weka*. Kinyongo huwekwa, kama akiba, na mwenye nacho hana haraka ya kukitoa. Mara nyingi hukikana: "Mimi? Sina kinyongo na mtu." Kwa hiyo neno hili linafanya kazi vizuri zaidi likiwa limekanushwa. Aliyeshindwa uchaguzi wa chama cha ushirika husema amekubali matokeo bila kinyongo. Kumsema mtu mzima waziwazi kwamba ana kinyongo ni tuhuma, na inafaa uwe na ushahidi wa zaidi ya uso aliokunja.

Fundo ni kinyongo kilichokauka. Picha ni ya kamba: fundo hufungwa, na kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Shangazi wetu siku ya kuvunja kamati ana dukuduku. Ikipita miezi mitatu hajaulizwa, naye sasa hapokei simu za mweka hazina, ni kinyongo. Ikipita miaka minane, mtoto wa bibi harusi anabatizwa, shangazi anasema mguu unamuuma hawezi kuja: hilo ni fundo. Sema *fundo moyoni* au *fundo la moyo*. Ukisema "ana fundo" peke yake kuna atakayeuliza ni la mguu au la kamba. Wapo pia wanaosema *mfundo* kwa maana hiyohiyo.

*Donge* mara nyingi huwekwa kwenye kapu hili kimakosa. Donge hukaa kooni, na sababu yake kubwa ni husuda: mwenzako kapata, wewe linakukaba. Shangazi hana donge kwa kuachwa kwenye orodha. Angekuwa nalo kama jina la wifi yake ndilo lililosomwa wa kwanza, tena kwa vigelegele.

*Nongwa* iko mpakani. Ni kinyongo kilichoanza kuwa ugomvi, jambo dogo linalokuzwa. Matumizi yake makubwa ni ya kujikinga mapema: "nikisema isiwe nongwa". Anayetanguliza maneno hayo karibu kila mara anakwenda kusema kitu ambacho kitakuwa nongwa.

Na *kero*? Kero imeshasemwa, pengine kwa miaka. Kero za maji, kero za Muungano: kila mtu anazijua, kinachosubiriwa ni mtu wa kuzitatua. Kwa hiyo kwenye sanduku la maoni la zahanati, "Andika kero yako" inaita malalamiko yaliyozoeleka, na "Andika dukuduku lako" inaita pia maswali ambayo watu waliona haya kuuliza dirishani. Kama unataka kujua usichokijua, la pili litakuletea zaidi.

| Neno | Ngeli | Vitenzi vyake | Hufuatwa na |
|---|---|---|---|
| dukuduku | LI-YA | toa, ondoa, kaa na | kuhusu, juu ya jambo |
| kinyongo | KI-VI | weka, kuwa na | na mtu |
| fundo | LI-YA | funga, fungua | moyoni, la moyo |
| nongwa | I-ZI | fanya, kuwa | kwa sababu ya jambo |
| siri | I-ZI | weka, tunza, toboa, vujisha | ya mtu, ya jambo |
| fumbo | LI-YA | fumba, fumbua | kwa msikilizaji |
| kijembe | KI-VI | piga, rusha | kwa mlengwa |
| dokezo | LI-YA | toa, andika | kuhusu jambo |

Siri na stara: lililonyamaziwa kwa makusudi

Siri haiwashi. Hapo inatengana na dukuduku kabisa. Mtu anaweza kulala nayo miaka arobaini, akaamka nayo, akafa nayo. Namba ya siri ya simu yako ni tarakimu nne usizozisema kwa mtu, na hakuna anayesema una dukuduku la tarakimu. Siri pia huwa na mwenzake anayeijua, hata mmoja: siri ya mtungi aijuaye kata. Dukuduku kwa kawaida ni la mtu mmoja.

Siri ikianza kumsumbua mwenyewe mpaka akatafuta wa kumwambia, ndipo imezaa dukuduku. Sentensi kama "alikuwa na dukuduku la siri ile" inakubalika kabisa, kila neno na kazi yake.

Stara ni jambo jingine, na waandishi wengi hulisahau. Hapa mtu ananyamaza ili kumfunika mwenziwe. Kitenzi ni *sitiri*: "nimemsitiri". Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Tuseme shangazi amegundua kwamba shilingi zake 200,000 hazikufika kwenye daftari kwa sababu mweka hazina alizilipia dawa za mtoto wake, naye akaamua kunyamaza. Hana kinyongo, hana dukuduku. Amemsitiri. Ukimya ni uleule, pilau ni lilelile, lakini neno limegeuka, na heshima ya watu wawili imegeuka nalo. Kwa hali hii usiandike "alificha ukweli", labda kama unataka kumshitaki.

Fumbo, kijembe na dokezo: limesemwa pasipo kusemwa

Maneno haya matatu yanahusu jambo lililotoka nusu. *Fumbo* lina uhusiano wa wazi na kufumba: unavyofumba macho au kiganja, ndivyo unavyofumba maneno. Na kinyume chake kipo tayari, *fumbua*. Anayefumba anatarajia kuna atakayefumbua, vinginevyo angenyamaza tu. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataligangua.

Kanga ndiyo shule kubwa ya mafumbo pwani. Ina pindo pembezoni, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani maandishi. Hununuliwa kwa doti, vipande viwili, na mwenye kujua huchagua jina kabla ya rangi. Shangazi anaweza kuja kwenye arobaini ya mtoto amejitanda "Japo sipati tamaa sikati", asiseme kitu, na nusu ya ukumbi ikajua, nusu ikaona kanga nzuri. Fumbo linaruhusu hilo: si lazima liwe na mlengwa, wala si lazima liume.

*Kijembe* lazima kiume. Neno lenyewe ni jina pia la chombo kidogo chenye makali. Kina mlengwa, na mlengwa awepo karibu au apelekewe habari. "Siku hizi bwana, hata ukitoa pesa toa mbele ya kamera" ni kijembe kama mweka hazina amekaa meza ya pili. Kama hayupo, ni maoni juu ya dunia. Ulinzi wa mpiga vijembe ni mmoja tu: "Kwani nimemtaja mtu?" Kwa hiyo ukitaka kuripoti kijembe kwa haki, andika maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kisha mwachie msomaji. Ukiandika "alimtukana" umevuka. Tusi halina pa kujifichia, kijembe kinapo.

Kosa la kawaida ni kuita kila fumbo kijembe. Bibi anayemwambia mjukuu "mtaka cha mvunguni sharti ainame" anafunza. Angalia nia na angalia nani ameumia.

*Dokezo* halina makali hata kidogo. Ni kumwonyesha mtu pembe ya jambo ili amalizie mwenyewe: "alinidokeza kwamba hesabu hazijakaa sawa". Kinyume chake cha vitendo ni *dodosa*, kumvuta mtu kidogokidogo mpaka aseme. Ila tahadhari kwa wanaofanya kazi na ofisi za serikali Tanzania: huko dokezo ni karatasi. *Dokezo sabili* ni waraka wa ndani kutoka kwa ofisa mmoja kwenda kwa mwingine, wenye jina la jambo juu, hoja, na ombi la maelekezo. Ukimwambia karani "nimeachiwa dokezo na mkurugenzi" atakuuliza liko kwenye jalada gani. Kwa maana ya kawaida tumia kitenzi, "mkurugenzi amenidokeza", utata unaisha.

*Mdokezo* wa darasani umetoka mzizi huohuo: kauli iliyoachwa ili msikilizaji aimalizie, hasa methali. "Mgeni njoo…" Kila mtu anajua mwenyeji apone. Nukta ni zilezile tatu za dukuduku, lakini hapa ukimya hauna siri, umeachwa kwa sababu pande zote mbili zinaujua. Katika dukuduku anayejua ni mmoja.

*Tafsida*, ambayo wengine huandika tasfida, inakuja mwisho kwa sababu haiachi jambo bila kusemwa, inalivika nguo tu: kwenda haja, kujifungua, kutangulia mbele ya haki. Na anayeongea bila kufika popote hana jina zuri katika orodha hii. Huyo anamung'unya maneno, au anazunguka mbuyu.

Kwenye ujumbe wenyewe

Mweka hazina amestuka, kalikuta jina la shangazi nyuma ya daftari. Anaandika:

"Shikamoo shangazi. Nimesikia una kinyongo na kamati kuhusu mchango."

Ujumbe huu unaharibu mara mbili. "Nimesikia" unamwambia kwamba anazungumzwa, na "kinyongo" unamlazimisha akane. Atajibu hana, na kuanzia hapo atakuwa nacho kweli. Bora hivi:

"Shikamoo shangazi. Mchango wako wa 200,000 niliupokea, jina sikulisoma, kosa ni langu. Kama kuna dukuduku lolote naomba uniambie mimi mwenyewe."

Jambo limetajwa, kosa lina mwenyewe, na shangazi hajaitwa mwenye chuki. Jibu likija "Marahaba mwanangu. Hapana neno, Mungu akubariki." basi limekwisha. Likija "Marahaba mwanangu, mbona mambo ya kawaida tu…", na shangazi si mtu wa kumwaga nukta, weka simu ya maandishi chini umpigie.